Nairobi hadi Moshi na begi mgongoni: saa tano zinapotelea wapi

Nairobi hadi Namanga ni kama kilomita 165. Namanga hadi Arusha ni 105 na ushei, na Arusha hadi Moshi 80. Jumla kilomita 350, lami mwanzo mwisho, yaani saa saba hivi za gurudumu kuzunguka. Lakini muulize yeyote aliyeifanya safari hiyo kwa kuunganisha magari: alitoka nyumbani kabla ya jogoo, akaingia Moshi taa zimeshawashwa. Safari nzima saa 12, wakati mwingine 13.

Hizo saa tano za ziada haziliwi na barabara. Zinaliwa mahali pa kubadilisha gari na mahali pa kugongewa muhuri: steji ya Nairobi, mpaka wa Namanga, stendi ya Arusha. Dereva hawezi kuzirudisha hata akikanyaga mafuta mpaka mwisho. Kwa hiyo anayejiandaa kwa safari hii asihangaikie mwendo. Ahangaikie kusimama.

Kazi inaanza jioni ya kuamkia safari, na inaanza na begi. Matatu ya abiria 14 haina buti. Kuna upenyo tu nyuma ya kiti cha mwisho, na hapo ndipo shanta linalazwa ubavu. La lita 40, lisilojazwa hadi kidomoni, linaingia na mlango unafungika. La lita 60 haliingii. Utaambiwa ulilipie kiti, au ulipakate hadi Namanga, na kilo 15 mapajani kwa saa tatu zitakufanya ushuke ukitembea kama umetoka kwa farasi. Kilo 10 ndio mpaka. Ukiweza nane, bora zaidi, kwa sababu siku hiyo utalinyanyua begi hilo si chini ya mara kumi.

Mikanda yote inayoning'inia ikunje, uichomeke au uifunge kwa kamba. Mlango wa matatu ni wa kuteleza, na ncha ya mkanda ikibaki nje inaburuzwa na upepo au inanaswa kwenye reli ya mlango. Mkanda wa bega ukikatika Kitengela, hilo si shanta tena, ni gunia.

Pasipoti, pesa, chaja, kalamu, maji, sweta na karatasi ya choo havikai kwenye begi kubwa. Vinakaa kwenye kibegi kidogo kinacholala kifuani. Begi kubwa likishalazwa kule nyuma hulioni tena hadi gari lifike mwisho, na kuna watu wamefika mpakani pasipoti yao iko chini ya magunia mawili ya viazi vya abiria mwingine.

Jambo linalowaumbua wengi ni mifuko ya plastiki. Kenya iliipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Bado utakuta mtu amefunga viatu vya matope kwa ile ambayo Nairobi tunaiita karatasi na Arusha wanaiita rambo, kisha inavutwa mbele ya afisa. Viatu vifunge kwa gazeti au mfuko wa kitambaa. Kile kimfuko kidogo cha zipu cha sabuni na mswaki hakina shida, mradi ubaki nacho mwenyewe.

Hati nazo. Mkenya amezoea kuingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho, akadhani Tanzania ni hivyo hivyo. Sivyo. Beba pasipoti, au hati ya muda ya kusafiria kutoka idara ya uhamiaji, na uishughulikie mapema, si asubuhi ya safari. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano inaanza kufanya kazi siku 10 baada ya kudungwa, kwa hiyo aliyechanjwa Jumatatu asafiri Jumatano bado hajakamilika. Jambo jema ni kwamba tangu Julai 2016 chanjo hiyo huhesabiwa ya maisha, hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa miaka 10. Itunze. Kuna watakaokunong'oneza Namanga kwamba kadi inapatikana papo hapo bila sindano. Wapite tu.

Pesa taslimu zitoe jioni. Saa kumi na moja alfajiri wakala wako wa M-Pesa amelala, na wale wachache walio macho mjini wana foleni au hawana chenji.

Na soma tiketi mara mbili. Gari za moja kwa moja kutoka Nairobi hadi Arusha kwa kawaida huondoka mara mbili kwa siku, asubuhi saa mbili na mchana saa nane. Tiketi ya asubuhi imechapishwa 8:00. Mchukuaji simu anasema “saa nane”, au anasema “eti” kwa Kiingereza na wewe unasikia nane, na mtu mzima anakuja na begi lake saa saba na nusu mchana akitabasamu. Uliza hivi: asubuhi au mchana? Usiulize saa ngapi peke yake.

Je, upande gari hilo la moja kwa moja, au uunganishe? Kila upande una watetezi wake. Gari la moja kwa moja linakusubiri mpakani, na kwa anayevuka mara ya kwanza hilo peke yake linatosha. Lakini linamsubiri pia kila mtu mwingine. Abiria 20 na zaidi wakishuka Namanga, mmoja akakosa kadi na mwingine akawa na swali la viza, wote mnakaa. Anayeunganisha hamsubiri mtu. Analipa kidogo, anavuka kwa dakika 20 siku ikiwa nzuri, kisha anarudishiwa adhabu yake kwenye kusubiri magari yajae. Kwangu, mwenye hati kamili na begi moja aunganishe. Mwenye watoto au mizigo mitatu apande la moja kwa moja, tena apige picha namba ya gari kabla ya kushuka mpakani, maana litahamishwa hadi upande wa pili na likisimama kati ya mengine meupe matano hutalitambua.

Tuseme unaunganisha. Fika steji saa kumi na moja na nusu. Magari ya Namanga hupakia maeneo ya River Road, na ukikosa la kufika Namanga unaweza kupanda matatu ya namba 110 hadi Kitengela ukasake la mbele huko. Kuna njia ya tatu kwa watu wa Rongai na Ngong: barabara ya Kiserian hadi Isinya, bila kukanyaga mjini. Ila ukiwa Isinya unategemea gari linalotoka Nairobi likiwa na nafasi, na ya asubuhi hupita yamejaa. Siku za wiki ni bahati nasibu.

Matatu haiondoki kwa saa, inaondoka ikijaa. Wapiga debe wanalijua hilo kuliko wewe, ndiyo maana gari linalokaribia kujaa huwa na vijana wanne watano walioketi kimya, wanaotazama mbele kama walio safarini. Sogea umtazame mmoja kwa karibu. Hana begi. Hana hata chupa ya maji. Mkanda hajaufunga, na mkono mmoja uko dirishani akipokea njugu kutoka kwa rafiki yake aliye nje. Huyo haendi Namanga. Ni kijazio. Abiria halisi akija, yeye anashuka. Gari lenye watu 10 linaweza kuwa na abiria watano, na hapo ndipo dakika 50 za kwanza zinapotea. Hesabu mizigo, usihesabu vichwa. Na usilipe nauli gari likiwa bado na vijazio. Ukishalipa umefungwa hapo, hata kama lile la mbele limewasha injini.

Begi usimpe mtu akubebee, hata hatua kumi, hata akikuita mjomba. Anayelinyakua anakupeleka kwenye gari linalomlipa yeye.

Kiti nacho kina hesabu yake. Asubuhi unaelekea kusini, jua liko mashariki, yaani kushoto kwako. Keti kulia, upande wa dereva. Mchana ni kinyume. Kushoto kuna mlango, na anayekaa mlangoni atashuka kila abiria anaposhuka. Kiti cha nyuma kabisa kiko juu ya ekseli ya nyuma au nyuma yake, na kila tuta unalipokea mara mbili. Mwenye tumbo linalochafuka akae mbele ya magurudumu ya nyuma, atazame mbali mbele, asisome simu. Na simu yenyewe, gari likiwa kwenye foleni na dirisha liko wazi, iteremshe mapajani. Mikono ya Nairobi ni mirefu.

Ukitoka kabla ya saa kumi na mbili, Athi River unaipita ukiwa bado umesinzia. Ukitoka saa moja, ni habari nyingine. Ile barabara ya juu iliyofunguliwa 2022 inaishia Mlolongo, na msongamano wenyewe uko mbele yake, kwenye maungio ya Athi River na kuingia Kitengela, kati ya malori ya saruji na magari ya watu wanaoenda kazini. Mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba zinaongeza nusu saa na kupandisha nauli kwa wakati mmoja. Baada ya Kitengela barabara inafunguka: Isinya, Kajiado, Bissil, upepo wa tambarare, ng'ombe wanaovuka bila kuangalia. Gari la abiria lina kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, sheria iliyokuja 2004 pamoja na mikanda ya viti, kwa hiyo anayekuahidi Namanga kwa saa mbili anakuuzia kiti tu.

Maji kunywa kwa akili. Nusu lita polepole kutoka Nairobi hadi Namanga yanatosha, kwa sababu kituo cha kujisaidia hakipo hadi dereva aamue. Ukinywa lita nzima Kitengela, Bissil utaiona kwa macho ya machozi. Chakula kiwe kikavu: chapati, mayai ya kuchemsha, njugu, machungwa. Ndizi mbivu haifiki salama kwenye begi, na maharagwe ya jana usiku waachie wanaobaki nyumbani. Mna dirisha moja linalofunguka na watu 14.

Namanga utaanza kuionja kabla hujafika, joto likipanda na mlima wa Ol Doinyo Orok ukijitokeza. Asubuhi isiyo na mawingu, Kilimanjaro huonekana kushoto, kilele kikielea juu ya ukungu. Ukikaa kulia kwa ajili ya jua, umeukosa. Ndivyo maisha yalivyo na viti.

Kituo cha pamoja cha Namanga kilizinduliwa rasmi Desemba 2018, na utaratibu wake unawachanganya hata waliovuka zamani. Siku hizi husimami mara mbili. Kila jambo hufanyika kwenye jengo la nchi unayoingia. Ukielekea kusini, unalipita jengo la Kenya, unaingia la Tanzania, na ndani yake kuna afisa wa Kenya wa kukutoa na afisa wa Tanzania wa kukuingiza. Kosa la kawaida ni kuona dirisha la Tanzania halina foleni ukalikimbilia. Afisa atafungua pasipoti, ataona hujatoka Kenya, atakurudisha, na kwa wakati huo basi zima limeshajipanga kwenye dirisha ulilolikwepa. Mpangilio ni afya, kutoka, kuingia. Shika kadi ya manjano mkononi, si ndani ya kibegi. Andika jina la mahali utakapolala Moshi kwenye karatasi, maana utaulizwa na mtandao hapo unayumba wakati laini inabadilika. Kalamu beba yako. Na kabla hujaondoka dirishani fungua ukurasa: muhuri wa kutoka, muhuri wa kuingia, tarehe sahihi. Siku utakaporudi ndipo muhuri uliokosekana hudai riba.

Hapa pia lugha inabadilika, na Mnairobi asipogeuza ulimi anajichelewesha. “Nipe fomu” Nairobi ni mazungumzo. Upande huu ni amri. “Shikamoo, mzee” kwanza, subiri “marahaba”, kisha “naomba”. Sekunde nne tu, na sauti ya aliye ng'ambo ya kioo inakuwa nyingine.

Sasa wabadilishaji pesa. Watakukuta kabla hujamaliza hata kuvuta pumzi, na wengi wao ni wafanyabiashara tu. Unaotakiwa kuujua ni ujanja wa wachache. Kwanza, ujue kiwango kabla ya kutoka nyumbani: kwa miaka ya karibuni shilingi moja ya Kenya imekuwa ikipanda na kushuka kati ya shilingi 16 na 21 za Tanzania. Tuseme siku hiyo ni 19. KSh 5,000 ni TSh 95,000, yaani noti tisa za elfu kumi, pamoja na noti moja ya elfu tano. Piga hesabu kwenye simu yako, si kwenye kikokotoo chake, na useme jumla kwa sauti kabla pesa yoyote haijatoka mfukoni.

Halafu tazama mikono. Anahesabu mbele yako, anakukabidhi uhesabu mwenyewe. Unakuta imepungua elfu tano. Anaomba radhi, anazichukua “aongeze”, anaweka noti ya elfu tano juu kabisa ili uione, na kidole gumba cha mkono wa chini, ambacho hukitazami, kinakunja noti tatu za elfu kumi kuelekea kwenye kiganja. Anakurudishia rundo. Kwa kuwa umeshahesabu mara moja na kilichokosekana umekiona kikiongezwa, unatia mfukoni. Hapo umeacha TSh 30,000. Dawa yake ni moja: pesa zikirudi mikononi mwake hata kwa nukta moja, hesabu upya kutoka noti ya kwanza. Mkono wa mwisho kuhesabu uwe wako, na pesa zako usizitoe hadi uwe umemaliza. Badilisha kiasi cha nauli na chakula tu, kilichobaki kibadilishe kwenye duka la fedha Arusha.

M-Pesa isikudanganye kwa jina. Wakala wa Longido, upande wa Tanzania, hawezi kukutolea pesa zilizo kwenye laini yako ya Kenya kwa njia uliyozoea. Ukitaka laini ya huko, usajili ni kwa pasipoti na alama za vidole, na si kazi ya dakika mbili za kusubiri gari.

Kutoka mpakani hadi Arusha zipo kosta na zipo Noah. Noah ni ndogo, hujaa upesi, hukimbia, na hubananisha. Ukubwa wako ukiwa wa kawaida, kaa kiti cha mbele au kando ya dirisha, kamwe usikae katikati ya safu ya nyuma. Taja nauli kwa shilingi za Tanzania na umalize mazungumzo ukiwa bado umeshika begi. Ukisikia “buku” ni elfu moja, “jero” ni mia tano. Longido, Oldonyo Sambu, Ngaramtoni, na Meru, mlima wa zaidi ya mita 4,500, ukiwa mbele kisha kando yako. Mwambie konda mapema kwamba unaunganisha kwenda Moshi, akuambie pa kushukia. Ukikosea hapa, utalipa bodaboda ya kuvuka mji mzima na begi likiwa katikati yako na dereva.

Saa hiyo mwili ndio unaanza kudai. Miguu imevimba, kiuno kimekaza. Kabla ya kupanda la Moshi kula chakula kamili, kimoja, ukikaa kwenye kiti kisichotembea: wali maharagwe, au chipsi mayai kama haraka imekushika. Chai ukiagiza utaulizwa ya rangi au ya maziwa, jambo ambalo Nairobi hatuulizani. Dakika 40 za kula si muda uliopotea. Wanaoziruka ndio wanaopanda gari lisilo sahihi.

Arusha hadi Moshi ni kilomita 80 zinazochukua saa mbili. Kwenye makazi mwendo ni 50, vijiji vimeshikana kuanzia Tengeru na Usa River hadi Boma Ng'ombe, na askari wa usalama barabarani wana tochi zao za kupimia mwendo. Dereva hatajaribu bahati yake. Wewe lala, ila funga mkono kwenye mkanda wa kibegi. Moshi iko chini ya mita 1,000, kwa hiyo sweta uliyoibariki alfajiri Nairobi utaivua kabla ya Boma.

Ukifika, kagua mfuko wa suruali. Humo kuna sarafu za Kenya zilizobaki, na hakuna mbadilishaji anayezitaka. Anachukua noti tu. Usizigawe. Zifunge kwenye kitambaa pamoja na noti ya KSh 500, uziweke chini ya kibegi: siku ya kurudi, ukishuka Nairobi usiku na saa tatu za gari kibofuni, mlinzi wa choo atataka 20, na atataka sarafu.